Amri Iliyoishia Mpakani

Isebania,
14 Septemba 2025

Kaka yangu Elkanah,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Jerusha na watoto wote hapo Magunga. Je, mguu wa Jerusha umepona? Na nyani wa mbugani wamewaachia mahindi kiasi gani mwaka huu? Mimi afya ninayo, na cherehani bado inazunguka. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na leo nataka unisikie mpaka mwisho.

Kwanza habari njema: Robi yuko nyumbani tangu Ijumaa. Amekonda kidogo, na sasa ananisahihisha Kiswahili changu kama mwalimu.

Unajua yalivyoanza. Tangu niachane na Mniko, mtoto aliishi nami hapa, na baba yake, ambaye kwao ni upande wa Tarime, ng'ambo ya mpaka, alikuwa akivuka kuja kumwona. Likizo ya Aprili aliniomba amchukue siku tatu akamwone bibi yake. Nikakubali. Siku ya nne simu yake ikawa haipatikani. Wiki ya pili nikasikia amemwandikisha shule huko huko.

Mwezi wa Mei mahakama ya Migori ilinipa amri ya kukaa na mtoto. Niliibusu karatasi ile nikidhani yamekwisha. Afisa wa watoto akanieleza kwa upole kwamba nguvu ya amri hiyo inaishia mpakani. Ng'ambo ya pili lazima hakimu wa huko asikilize mambo upya, tena asikilize pande zote mbili. Ndipo uliponipigia ukasema una vijana wa kumchukua mtoto kwa pikipiki kupitia njia za panya. Nilikataa, ukaniita mwoga. Kaka, Robi ana miaka sita. Sikutaka ajifunze kwamba wazazi ni watu wa kukimbia nao vichakani.

Nikawa nafunga duka na kuvuka, mara saba kwa jumla. Mara ya tatu afisa wa ustawi wa jamii aliniruhusu nimwone Robi nusu saa, yeye akiwa amekaa papo hapo. Mtoto alinitazama kwanza, halafu akauliza, "Mama, ulisahau siku ya kunichukua?" Nilimwambia sikusahau hata siku moja. Nilitoka pale nimeapa kwamba sitachoka.

Jumanne iliyopita hakimu wa Tarime alitusikiliza. Ni mama mtu mzima, anauliza swali kisha ananyamaza mpaka mwenyewe useme. Alimuuliza Mniko kwa nini alimzuia mtoto. Mniko hakupiga kelele wala kunitukana. Alisema aliogopa kwamba akimrudisha hatamwona tena. Hakimu akanigeukia, akauliza kama hofu hiyo ilikuwa na msingi. Ningeweza kusema hapana. Mniko hakuwa na ushahidi wowote. Alikuwa amesikia maneno ya sokoni tu.

Sasa, kaka, kama umesimama, keti. Ile karatasi uliyonitilia sahihi mwezi wa Machi, nikakwambia ni ya shule, haikuwa ya shule. Ilikuwa hati ya kiapo ya kumwombea Robi pasipoti. Ndani yake niliapa kwamba baba yake hajulikani aliko, nawe ukawa shahidi wangu. Alikuwa ng'ambo ya mpaka tu, Elkanah! Rafiki yangu Roselyn, aliye Doha, alikuwa amenipatia kazi ya ushonaji, na nilitaka kuondoka na mtoto bila kumwambia mtu, hata wewe. Ulitia sahihi bila kusoma kwa sababu mimi ni dada yako, na neno lako kama mzee wa kanisa halina anayelitilia shaka. Hilo ndilo nililolitumia.

Nilimwambia hakimu yote. Wakili wangu aliinamisha kichwa. Mniko alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana.

Uamuzi ulitoka Alhamisi. Hakimu alisema kila mmoja wetu alitaka kumfanya Robi yatima wa mzazi mmoja. Atakaa nami, maana hapa ndipo alipokulia. Likizo atakwenda kwa baba yake. Na hakuna atakayempeleka mbali zaidi ya hapo bila sahihi ya mwenzake.

Doha siendi. Kesho nakwenda Migori kwa wakili aliyeniapisha, nikaseme kwa kinywa changu kwamba kiapo kile kilikuwa cha uongo na kwamba wewe hukujua. Wakinishtaki, nitajibu. Usije kunitetea. Ukiulizwa, sema kweli, kwamba dada yako alikudanganya.

Kasirika utakavyo, kaka, una haki. Ila naomba unijibu, hata kwa mistari miwili. Mwambie Jerusha namkumbuka kwenye maombi, na watoto uwabusu kwa niaba ya Robi.

Na Desemba, likizo ikifika, nitampeleka mwenyewe kwa baba yake, tukivuka mpaka kwa miguu, mchana kweupe, kila mtu akituona.

Ni mimi dada yako,
Bonareri