Tepu Ndani ya Kopo la Biskuti

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuage ghafla na kuiacha nguo ya mteja chini ya sindano ya cherehani. Baba ameniambia niandike kwa kifupi, eti gazeti si barua. Ungekuwepo ungemjibu. Mimi mwanao mkubwa naandika ninavyojua.

Kila aliyekujua anakukumbuka na ile tepu ya kupimia shingoni. Hakuna aliyevuka kizingiti cha duka lako bila kupimwa, awe mteja, awe mgeni, awe yule msoma mita wa umeme aliyekuja na shughuli zake akaondoka anajua upana wa mabega yake.

Ndiyo maana ile Jumamosi ya kwanza ulikosea. Ulikuwa umejiandikisha kwenye mpango unaomkutanisha mtu mzima mmoja na kijana mmoja aliyeteswa nyumbani kwao, kila Jumamosi asubuhi. Mratibu wa mpango alikuletea binti wa miaka kumi na minne, amevaa blauzi ya mikono mirefu siku ya joto kali. Ukamchangamkia, na kwa ule mkono wako mwepesi ukaivuta tepu shingoni. Kabla hujamaliza salamu binti alikuwa chini ya meza ya kukatia vitambaa. Kumbe kwao walikuwa wakimpiga kwa mkanda.

Hukumvuta atoke. Ulikaa sakafuni, mbali naye kidogo, ukaanza kufumua pindo la suruali ya Baba ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Baadaye sana ukamwambia, "Mwanangu, nimekosa mimi. Halitarudiwa."

Nyumbani ulilia mbele yetu, ukasema kazi hii huiwezi. Lakini Jumamosi iliyofuata uliwahi dukani, ukaitia tepu ndani ya kopo tupu la biskuti, ukafunga kifuniko, na kiti chake ukakisogeza karibu na mlango ili aione njia ya kutokea. Ukamwahidi kwamba hutakosa hata Jumamosi moja.

Wenye mpango walikuwa wamewaonya walezi wasiwachimbe vijana kwa maswali. Sisi tulicheka chini chini. Wewe, Mama, ambaye habari za mtaa zilikupitia kwanza kabla hazijafika kwa wenyewe? Ulikaa miezi saba hukumuuliza kitu. Ulimfundisha kutunga uzi, kupiga pasi, kutoa vifungo bila kuchana kitambaa. Tulikuonea fahari, na hatukukwambia vya kutosha.

Kisha ukamshonea gauni. Kwa kuwa tepu ilikuwa kifungoni, ulimkadiria kwa macho, na wewe fundi wa miaka thelathini ukatoa kitu ambacho wangeingia wawili na nafasi ikabaki. Binti alijitazama kwenye kioo mbele na nyuma.

"Mama Fundi, mwenzangu atakuja saa ngapi?"

Ulicheka mpaka ukashika meza. Naye akacheka, na hapo ndipo tulipojua kwa mara ya kwanza kicheko chake kikoje. Wiki hiyo hiyo alikwenda mwenyewe kwenye kopo, akatoa tepu, akakuletea.

"Nipime. Ila ncha hii naishika mimi."

Akainua mikono. Tangu siku hiyo ulimshikisha kila mteja ncha moja ya tepu, na wengi walidhani ni mtindo mpya wa mafundi.

Ulipoondoka, tuliumia kwa ajili yetu, lakini tulimhofia yeye zaidi. Mratibu alimtafutia mlezi mwingine, akakataa. Jumamosi tatu hakuonekana. Ulikuwa umemwahidi hutakosa, na sasa umekosa, na hakuna kati yetu aliyejua pa kuanzia kumweleza.

Jumamosi ya nne Baba, dereva mstaafu ambaye hata sindano hajui inashikwa upande gani, alifungua duka, akaweka kiti karibu na mlango, akasubiri. Saa nne binti akasimama pale nje.

"Mzee, wewe unajua kushona?"

"Sijui chochote."

"Basi sogea nikuonyeshe."

Sasa ana miaka kumi na minane. Ile nguo uliyoiacha chini ya sindano aliimaliza yeye, na mteja hakuona mahali mkono ulipobadilika. Baba naye amefika kwenye vifungo. Usiviangalie kwa karibu.

Mwezi uliopita mratibu alileta binti mwingine, mdogo zaidi, ambaye aliganda mlangoni. Binti yako alikuwa kazini, tepu shingoni. Tulimwona akiivua polepole, akaitia ndani ya kopo, akafunga kifuniko.

"Karibu," akamwambia. "Kiti chako ni hicho cha mlangoni. Kilikuwa changu."

Baba alitoka nje, akasema anakwenda kuangalia hali ya hewa.

Unakumbukwa na mumeo. Na mimi mwanao mkubwa. Na binti yako wa Jumamosi, ambaye tulitaka kumwandika mwishoni, pale karibu na mlango, akasema safari hii tumweke katikati. Na mwanao fundi bomba. Na kitinda mimba wako muuguzi. Na wajukuu wako wanne, wote uliowapima.

Hatutakusahau kamwe, Mama Fundi. Jumamosi duka liko wazi.