Bosi Anauza Tanuri la Baba

Chumbani, juu ya tanuri
Alhamisi jioni

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu kabla hujaanza kusikia kelele zangu. Goti lako linaendeleaje? Watoto bado wanagombania kukaa dirishani? Mimi mzima, Mama mzima ila kikohozi. Joto la tanuri bado linapanda hadi kitandani kwangu, na nitalikosa.

Dada, kaka yetu anauza tanuri la Baba. Mnunuzi anakuja kulibomoa Jumatatu. Nimelia hadi nimechoka. Simu zako hapokei, eti uwanjani simu huzimwa, ndiyo maana barua hii nampa dereva wa lori la unga akuletee kesho, uje mwenyewe.

Yote haya yameletwa na gofu. Meneja wa hoteli alimwalika mara moja tu, Bosi wetu akarudi kichwa kimejaa. Anasema kupanga biashara ni gofu tupu: unatazama bendera, hutazami miguu yako. Bendera ni keki za hoteli, ambazo eti tanuri la mkate haliziwezi. Miguu, nadhani, ni mkate wa maduka ya mtaani uliotusomesha sote watatu. Mkataba wa keki hajapewa. Kapewa kofia.

Jumapili nilimbebea mfuko wa fimbo, labda nipate nafasi ya kuzungumza naye. Mbele ya shimo kulikuwa na bwawa. Wenzake walipiga mpira kidogo tu, ukatua upande huu wa bwawa, kwenye nyasi, wakajipanga upya. Mmoja wao, yule mama mwenye duka la dawa, hata hadithi zake hakukatiza. Bosi akachomoa fimbo ndefu kuliko zote. Chubwi. Akaweka mpira mwingine palepale. Chubwi tena. Nilipofungua mdomo akaweka kidole kwenye midomo yake: mtu akipiga, wengine wananyamaza.

Sheria hiyo sasa kaihamishia kazini. Fundi wa tanuri alimuuliza vijana wake watakula wapi, akaoneshwa kidole hichohicho. Mama anasema nimwache, atajifunza. Sawa, lakini kwa tanuri la nani?

Mimi sina la kufanya. Kwake bado ni kitindamimba, nikisema anacheka. Wewe ulimfunga kamba za viatu, labda wewe atakusikia. Nasema labda, Dada.

Sasa hivi yuko chini, kaweka glasi sakafuni anajizoeza. Unakumbuka Baba alivyoijenga ile sakafu na mwinamo, maji ya kuoshea yatoke yenyewe. Kila mpira unaipita glasi na kuishia mferejini. Bosi anasema sakafu ni mbovu. Ananiita niokote, nami nashuka, naokota.

Mama anakusalimu sana. Shemeji na watoto wasalimie mmoja mmoja. Fundi wa tanuri naye anakusalimu, na ameuliza kama huko uliko wanahitaji mtu anayejua kuoka mkate.

Mungu akutunze, na huyu amlainishe moyo kabla ya Jumatatu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote.