Picha ya Baba Imekataa Kukua

Johannesburg, Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti limepoa? Deo aliniambia umeshuka shambani ukiwa bado unachechemea, nikacheka, maana najua hapo nyumbani hakuna wa kukuzuia. Mimi mwili mzima. Baridi ya huku ni kavu, haina ukungu kama ya huko kwetu Kilema. Inapasua midomo tu. Ndizi za dukani nazo nimezipika kila namna, hazijawahi kukaribia mshare wako. Kazi ipo. Juzi nilipiga picha za maharusi siku mbili mfululizo hadi shingo ikakakamaa.

Mama, nakuandikia kuhusu picha ya Baba. Deo anasema fremu uliyomwagiza fundi wa Kiboriloni imekamilika, na umeshaitundika ukutani pembeni ya picha ya Babu, tupu, ukinisubiri mimi. Niliposikia hivyo nilikaa kitandani nikalia. Nilikuwa nimemwambia Deo kwamba kadi ya kamera imeharibika na kuna fundi anahangaika nayo. Ni uongo. Kadi ni nzima, na fundi hayupo.

Ukweli ni huu. Kamera hizi mpya hazina filamu, zina kadi, na mpigaji anachagua mwenyewe: picha nzito chache zinazokubali kukuzwa, au nyepesi nyingi. Krismasi ile ya mwisho ya Baba nilifika nyumbani nikitokea kupiga picha za mlima kwa ajili ya kampuni moja ya watalii. Kadi ilikuwa imejaa Kibo: Kibo asubuhi, Kibo na mawingu, Kibo bila mawingu. Mara Baba akatoka chumbani amevaa koti lake la harusi, yeye ambaye hata picha ya kitambulisho alipigwa kwa ugomvi. Akasimama mbele ya mibuni, akaniuliza, "Akwilina, itatoka kubwa kama ile ya baba yangu?"

Nikamjibu, "Itatoka, Baba. Wewe simama tu vizuri."

Huku nasema hivyo, kidole changu kilikuwa kinapunguza ukubwa wa faili hadi ule wa mwisho kabisa, ili yeye aingie bila mimi kufuta hata picha moja ya Kibo. Nikajiambia nitampiga tena kesho yake. Kesho yake wageni wakaja, tukala, tukanywa mbege, kesho kutwa nikaondoka.

Mlima ningeupiga picha mwaka wowote! Nimejirudia maneno hayo tangu mlipomzika mimi nikiwa jangwani Namibia, safari ya kazi, mahali pasipo na simu.

Nimejaribu, Mama. Nimeikuza picha ile mara nyingi hapa studio. Ni kama kuongeza maji kwenye uji: unapata mwingi, lakini si uji tena. Macho yanakuwa vipande vya mraba, na meno, maana alikuwa anacheka, yanakuwa doa jeupe. Mwenzangu wa kazi akajitolea kuchora macho upya kwa kompyuta. Akachora. Akatoka mzee mzuri sana, ila hakuwa Baba. Nikaifuta.

Ndani ya bahasha hii utakuta picha yenye ukubwa wa kiganja. Kwa ukubwa huo ni yeye kabisa, hata pale kifungo cha koti kilipokatika panaonekana. Haitajaza fremu yako. Zaidi ya hapo sina cha kukutumia, na kosa ni langu, si la mashine.

Mwambie Deo mdogo wangu nilimdanganya, na anisamehe kwa kumfanya akuletee uongo bila kujua. Shangazi Filomena, anayekusaidia kukatia ng'ombe majani, naye msalimie sana. Na mama mdogo wa Holili akipita na vitenge vyake, mwambie bado namkumbuka.

Nilitaka kumwomba Deo akate jani la isale pale mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, akukabidhi kwa niaba yangu, kama tunavyoombana msamaha huko kwetu. Kisha nikaona huo nao ni ujanja. Jani la isale halikataliwi, nawe ungenisamehe hata kama moyo haujataka. Kwa hiyo situmi jani.

Kasirika kwanza, Mama.

Mwanao,
Akwilina