Jogoo Mwenye Uzi Mwekundu

Mama,

Shikamoo. Nimekasirika, na sina mwingine wa kumwambia, kwa hiyo utanisikiliza wewe.

Mitetea wapya wameanza kutaga. Mayai meupe, Mama. Meupe pe! Mama Elia, mteja wako wa miaka yote, aliligeuzageuza moja mkononi, akaniuliza kama siku hizi nanunua mayai ya kisasa na kuyauza kwa jina lako. Tangu ruksa ya biashara huria ije, kila duka hapa Kijenge lina trei za mayai meupe. Watu walikuja kwetu kwa sababu ya yale yako ya kahawia iliyokolea.

Ulikuwa ukisema rangi ya yai inatoka kwa baba pia. Nikakucheka, "Jogoo hatagi, Mama." Ukanijibu bila kuacha kuchambua mchele, "Na hiyo pua yako, niliizaa peke yangu?" Nikacheka zaidi. Swali la pili sikuuliza.

Sasa sikia kosa langu. Siku ya kuanua matanga yako mchungaji alikuja, na Shangazi akaniambia nikamate jogoo, tena wa maana. Nikaingia bandani nikamtoa yule mkubwa mwenye uzi mwekundu mguuni. Kwetu si jogoo wa Krismasi ndiye hufungwa uzi, asiguswe mpaka siku yake? Nikajua ulimweka kwa ajili ya mgeni mkubwa. Niliona hata nakuheshimu.

Baadaye Mama Elia ndiye aliyeniambia. Kila kifaranga aliyetoka kwenye yai la rangi iliyokolea ulimfunga uzi, ukachagua jogoo baada ya jogoo, miaka saba, mpaka ukampata yule. Mteja anajua, mimi mwanao sijui! Kwa nini hukuniambia? Na mimi nilikuwa na haraka gani hata nisiulize? Nilikwenda sokoni nikanunua jogoo mwingine, na hawa wa mayai meupe ndio binti zake. Anawika humu ndani kama mwenye nyumba. Simpendi.

Lakini siku ile ya matanga Shangazi aliondoka na mayai yako sita ya kwenda kula. Kumbe kuku wake alikuwa anaatamia, akamwekea. Jumamosi nilikwenda Kikatiti kumsalimia, nikakuta uani kijogoo mwenye kifua kile kile na maringo yale yale. Mguuni ana uzi mwekundu. Wa Krismasi.

Nilimwomba anipe, akakataa. "Wageni wangu nitawalisha nini, mwanangu?" Nikalia, Mama. Mtu mzima, katikati ya uani, namlilia jogoo. Msibani kwako sikulia hivyo, nilikuwa na sufuria za kuangalia. Shangazi alinitazama, akaenda mwenyewe kumkamata.

Sasa yuko bandani kwako. Uzi sijautoa, ila nimewakalisha watu wote wa nyumba hii nikawaeleza maana yake, maana wewe hukutueleza. Na binti zake wakitaga meupe, tutagombana huko huko uliko.

Pumzika, Mama. Nimekukumbuka mpaka nimechoka. Nakuahidi jambo moja tu: nyumba hii, hata aje askofu, atakula maharage.

Mwanao.