Kirusi Ulichoniachia, Wifi

Wifi yangu Galina,

Kaka yangu alikuita Galina, mama yako mzazi alikuita Halina, na sisi watu wa Mbale tukakuita Garina. Sijui siku hizi unaitika kwa jina lipi. Barua zangu za mwisho hazikujibiwa, kwa hiyo hii naiandika wazi. Asome yeyote anayekujua, akakuambie kwamba kuna jambo la mwanao Sasha, na jambo lenyewe halingoji.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichoanza nacho. Wewe ulikiokota kwenye nyumba za wanajeshi Jinja, mimi nilikisoma Kenya nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu, na kila mmoja wetu alikuwa na viraka vyake. Kirusi kilikuja baadaye, tena hakikuja kwa kupenda.

Unaikumbuka nyumba ya Wanyange, ile iliyotazama ziwa. Kaka Mafabi alikuwa ameacha jeshi zamani, anafanya kazi ya ufundi kwenye umeme. Homa zilipoanza kumrudiarudia, ukaniita kutoka Mbale nije nikusaidie kumuuguza. Nilidhani nitapika, nitafua, nitawaangalia Sasha na Olya. Sikujua kwamba homa ikipanda, kaka yangu alisahau Kimasaba chetu cha nyumbani, akasahau Kiswahili na Kiingereza, akabaki na Kirusi, lugha aliyojifunzia ndege za jeshi huko kwenu akiwa kijana.

Mchana mmoja ulikuwa umekwenda hospitali kufuata dawa. Mafabi akaanza kuita, "Akno! Akno!" Nikampa maji, akayasukuma. Nikamletea blanketi, akalitupa. Nikamshika mkono, akaniangalia kama adui yake, mimi niliyemfuata tumboni mwa mama mmoja. Uliporudi ulimkuta analia na mimi nalia. Ukapita kati yetu, ukafungua dirisha. Ni hilo tu alilotaka, upepo wa ziwa.

Siku hiyohiyo ukaanza kunifundisha. Ulimwaga unga wa ngano mezani ukaandika kwa kidole. Herufi niliyoijua kama P, kwenu ni R. Niliyoijua kama H ni N, na B ni V. Nilikasirika, nikasema hii ni lugha ya kumtega mtu. Ukaniambia niache kukasirika, nijifunze kwanza ya mgonjwa. Voda, maji. Kholodno, baridi. Bolno, inauma. Na okno, dirisha, linaloandikwa kwa o na kusemwa kwa a. Nikawa natembea nyumbani mwako nikiyanong'ona kama mtu anayesali.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mna lugha mbili ndani ya nyumba. Kwa Mafabi maziwa yalikuwa malako. Kwa watoto, ukiwalaza, yalikuwa moloko, kila o imetulia mahali pake. Mkate ulikuwa khleb, halafu ghafla ukawa khlib. Nilidhani umekosea. Ukanieleza kwamba Kirusi ulikisoma shuleni, lakini kijijini kwenu mlisema Kiukraini, na hicho ndicho mama yako alichokuimbia. Nikakuuliza vinaelewana vipi. Ukafikiri, ukaniuliza mimi naelewana vipi na Wasoga wa sokoni. Nikasema, nusu nasikia, nusu nakisia. Ukasema ni hivyohivyo. Tulikuwa hatujacheka siku nyingi, tukacheka kidogo, Mafabi akiwa amelala chumba cha pili.

Alifariki kabla sijafika mbali. Lakini maneno machache niliyokuwa nayo yalitosha kusikia la mwisho alilokuambia. Sitaliandika hapa, hilo ni lako.

Tulimzika Mbale, kwenye shamba la baba yetu. Ndipo akaja Wepukhulu, binamu yetu, aliyesomea viwanda vya nguo Chekoslovakia na kuoa hukuhuku nyumbani. Alikuja kukupa pole kwa lugha aliyodhani ni yako. Akawatazama Sasha na Olya waliovalishwa nguo za msiba, akasema kwa upole kabisa, "Uzhasne deti." Nilikuona unawavuta watoto nyuma yako. Kwa Kirusi mtu huyo alikuwa amesema hawa ni watoto wa kutisha. Ilibidi nimuulize kando, naye akashangaa sana. Kwa Kicheki alikuwa amesema ni watoto wa ajabu, wazuri kupita kiasi. Nilikueleza, lakini tangu hapo hukumwamini.

Nami nilimwogopa zaidi siku ya kikao cha ukoo.

Kikao kilikaa Nabuyonga, sebuleni kwa Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yetu, mzee ambaye neno lake kwetu lilikuwa ukuta. Ulikuwa hujala tangu mazishi. Uliomba uzungumze kwa Kiswahili, mwenyewe, bila mtu wa kati. Baba Mkubwa akakataa. Alisema Kiswahili ni lugha ya bunduki, ilimpigia kelele mlangoni miaka ile ya utawala wa jeshi, na haitaamua mambo ya watoto wa nyumba yake. Yeye angesema Kimasaba, wewe ungesema lugha yako, mimi ningekuwa katikati. Kisha akaniangalia.

"Nambozo, wewe ni rafiki yake. Utatuambia anachosema, na Wepukhulu atatuambia kama umesema kweli."

Nikaeleza uamuzi wao kwa Kirusi changu cha mgonjwa, Kirusi cha maji na baridi na dirisha. Sikuwa na neno la ukoo wala la urithi. Nilikuambia: watoto, hapa. Wewe, hapa, na mdogo wake Mafabi awe mume. Au wewe, nyumbani, peke yako. Uso wako ukawa mweupe kama ule unga. Nchi yako nayo ilikuwa imevunjika mwaka uleule, pasi yako ilikuwa ya dola ambalo halipo tena, na hapa watu wanakuambia uende nyumbani.

Wakasubiri jibu lako. Ukajishika tumboni, ukainama, ukasema polepole, "U menya zhivot bolit."

Niliielewa mara moja, ni sentensi niliyoijua kuliko zote. Tumbo linaniuma. Nilikuwa nimefungua kinywa kuwaambia wakupe nafasi utoke nje, lakini Wepukhulu alinitangulia. Alisimama. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Anasema maisha yanamuuma," akawaambia.

Kwa Kicheki zhivot ni maisha. Mimi sikulijua hilo wakati ule, nilijua tu kwamba amekosea. Baba Mkubwa alivua kofia akaiweka gotini. Bibi mmoja wa ukoo, aliyekuwa akikusema vibaya tangu msibani, akaanza kulia kwa sauti ya chini. Wakanitazama mimi, nithibitishe. Ningesema tumbo, wangecheka au wangekasirika, na kikao kingeendelea palepale kilipokuwa. Nikasema, "Ndiyo, Baba Mkubwa. Ndivyo."

Walijadiliana muda mrefu. Mwishowe akasema Olya aende na mama yake. Sasha abaki mpaka atahiriwe kama vijana wote wa ukoo, na akishakuwa mwanaume ataulizwa mwenyewe anataka wapi. Mimi ndiye ningemlea. Nilipokuambia, hukunisubiri nimalize. Ulimshika Sasha mabega, ukasema kwa Kiswahili kilekile walichokikataa:

"Huyu ni mtoto. Si shamba."

Hata hivyo hakuna aliyebadili neno.

Majuma yaliyobaki ulinifundisha kama mtu anayejaza mtungi kabla bomba halijakatwa. Si kwa ajili yangu tena. Ulisema hutaki mwanao akutane nawe siku moja akuongeleshe kama mgeni. Ukaniharakisha: jana, leo, kesho, ninakwenda, nilikwenda. Ulinionyesha kwamba hamsemi "nina mtoto", mnasema "kwangu kuna mtoto", na ukalia palepale katikati ya sentensi. Nikairudia mwenyewe mpaka ukanyamaza.

Siku ya safari gari lilipata pancha Bugembe. Tukasimama kando ya barabara kuu, Olya amelala begani kwako, Sasha anatazama gurudumu likifunguliwa. Ndipo nikakuambia alichosema Wepukhulu kikaoni. Hukukielewa mwanzoni. Ukasema wewe ulisema tumbo. Nikasema najua. Ukatazama malori yakipita kwenda Iganga, ukasema, "Hakukosea."

Ndiyo mazungumzo ya mwisho marefu tuliyokuwa nayo. Uwanja wa ndege haukutupa nafasi.

Sasa sikia haya. Sasha ametahiriwa. Ngoma za kadodi zilimpitisha mitaani, akapakwa unga, akasimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Mimi nilikaa ndani, mahali ambapo ungekaa wewe, nimeshika nguzo mpaka niliposikia vigelegele. Jeraha lilipopona, Baba Mkubwa akamwita mbele ya wote akamuuliza kama alivyoahidi. Sasha akajibu kwa Kimasaba safi kwamba anataka kwenda kwa mama yake, na kwamba atarudi kwa sababu kaburi la baba yake liko hapa. Baadhi ya baba zake wadogo walinung'unika. Mzee akawaambia neno lilitolewa, limekwisha.

Kwa hiyo yuko huru, wifi, na hana pa kwenda. Anwani uliyotupa haijibu. Picha ya Olya akiwa kwenye theluji ndiyo ya mwisho tuliyopata.

Kirusi anacho. Tunakisema tukila, na watoto wa jirani wanatucheka dirishani. Matamshi yake ni yangu, utanisamehe, anasema r pale panapotakiwa l. Lakini juzi aliniuliza swali lililoninyima usingizi. Alisikia redioni kwamba sasa nchi yenu ina bendera yake na lugha yake. "Shangazi," akasema, "kama mama ameacha Kirusi, anasema ile ya bibi tu, nitamwelewa?"

Nikamwambia khleb ni khlib, malako ni moloko, nusu atasikia na nusu atakisia. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu mzima anayemwachia mwenziwe uongo wake. Kwa kweli hakuwa anauliza juu ya mkate. Anaogopa kwamba umehamia kwenye lugha ambayo yeye hayumo.

Nami naogopa mengine. Naogopa kwamba umeugua kama alivyougua Mafabi. Ulikuwa mke wake, na sote wawili tunajua kwa nini naogopa hivyo. Kama ni hivyo, basi Olya asome hii. Kama ni aibu, au umasikini, au mume mwingine, hayo hayatuhusu, wifi, andika tu. Andika kwa lugha yoyote kati ya zako. Mwanao ni mwanaume sasa, ukoo mzima umeshuhudia, lakini gari likisimama nje ya nyumba yetu bado anaacha kutafuna.

Ukae salama popote ulipo, na Mungu awe amekuacha hai.

Wifi yako,
Nambozo
Nabuyonga, Mbale