Mtu Aliyeshindwa Kesi

Masatu mjukuu wangu,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Tangu nivuke ziwa kuja Mwanza kutibiwa macho hujaja kuniona, kama vile huko kwetu Nansio ni mwezini. Dada yako Nyangeta ananiandikia, maneno ni yangu.

Jana tukila samaki, sato wa ziwani, alinisimulia sheria anayosomea. Kumbe katiba ya Marekani iliikataza serikali kuu tu kuziba watu midomo. Majimbo yalifunga wasemaji yakitaka. Hadi mtu mmoja, aliyefungwa na jimbo lake kwa alichochapisha, akafika mahakama ya juu. Majaji wakasema utumwa ulipoisha katiba iliyakataza majimbo kumpokonya mtu uhuru wake, na ndani ya uhuru huo umo uhuru wa kusema.

"Akaachiwa?" nikauliza.

"Hapana, bibi. Kesi alishindwa. Waliopona ni waliokuja mahakamani baada yake."

Nikajisemea: Mtu kashindwa, mlango kauacha wazi.

Nikakukumbuka wewe, mwenyekiti wa kijiji alivyokukalisha chini mkutanoni ulipouliza habari za kisima, na tangu hapo umenyamaza. Sikukulea unyamaze, baba. Sato nitakukaangia mwenyewe, ila ukija, pitia kwanza mkutanoni ukaulize tena, hata wakikucheka, ndipo upande meli.

Bibi yako