Seti ya Bluu Uliyoniachia

Kaka Msengi,

Shikamoo. Naanza na hiyo kwa sababu ulikuwa hupokei kitu mkononi mwangu kabla hujaamkiwa, hata kikombe cha chai, na sitaki barua hii uikatae kwa kosa la adabu.

Ni mwaka na miezi minne sasa. Mashine ya alizeti bado inakamua, na Bahati fundi bado anaipiga teke ikigoma. Malori bado yanasimama hapa Shelui. Madereva wananunua mafuta na kuku, wanakunywa supu, wanaondoka. Wote wanaondoka. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kiti chako mbele ya banda, funguo zako za mashine shingoni, nawaangalia hadi wanapopotea njia ya Nzega. Nimekonda. Mama anasema ni vumbi la mashudu, na mimi namwacha aseme hivyo.

Kilichonifanya nikuandikie ni seti yako ya bluu. Nimeibomoa. Najua ungekuwepo ungesimama mlangoni na mikono kiunoni, kwa hiyo kaa kwanza, nikueleze tangu mwanzo, maana naona hata wewe uliondoka hujui ulichokuwa umetengeneza.

Unamkumbuka yule dereva wa Kongo ambaye gari lake liliharibika gia boksi, akakaa kwetu siku tisa akila ugali wa Mama? Siku ya kuondoka alikuachia kopo la biskuti lililojaa kadi za mchezo. Kadi za picha, za rangi tano, kila rangi na tabia yake, na chini ya kila picha imeandikwa kadi hiyo inaweza nini. Kila mchezaji anajipangia seti yake ya kadi arobaini, anapambana na mwenzake hadi mmoja aishiwe uhai. Uhai tuliuhesabu kwa punje za alizeti, ishirini kila mtu. Mimi nilichukua nyekundu kabla hujaliweka kopo chini, kwa sababu ilikuwa na moto na majitu. Wewe ulichukua bluu kwa sababu ndiyo iliyobaki nyingi, halafu ukajifanya umechagua.

Bluu yako ya kwanza ilikuwa ya ndege. Korongo, bata maji, na yule mdogo aliyekuwa na nguvu moja tu, akija anadonoa punje yangu moja na kurudi zake. Ulikuwa unanidonoa hivyo wakati mimi nakushushia lile jitu jekundu tulilolipa jina la Mjomba Kitundu kwa sababu ya macho. Nilikushinda muhula mzima. Nilikuwa kidato cha kwanza na wewe ni mwanaume wa miaka ishirini na moja mwenye ndevu, na kinyozi wa jirani akaanza kukuita Kifaranga. Ulicheka, lakini mimi niliona masikio yako yalivyokuwa mekundu.

Hapo ndipo ulipoanza kuwatuma madereva. Kila aliyekuwa anapitia Kigali au anateremka Dar aliondoka na picha ya kadi kwenye simu yake na agizo lako, pakti ya bluu, usiniletee rangi nyingine. Ndege wakapungua, ukungu ukaingia. Kadi za ukungu haziui. Zinarudisha. Nashusha jitu, unalirudisha mkononi mwangu. Nalishusha tena, unalirudisha tena. Mchezo wa robo saa ukawa wa kutwa. Nilikuwa nalia kwa hasira, na wewe unaniambia kwa sauti ya mchungaji, "Sijakuua, Sifa. Nimekuomba usubiri tu."

Halafu ikaja barafu, na hapo ndipo tulipokosea.

Kadi ya barafu inaigusa kadi ya mwenzako na kuilaza ubavu. Iliyolazwa haipigi, haikingi, ipo tu mezani. Sasa inasimama lini? Karatasi ya sheria ilikuwa ndani ya lile kopo, na kopo lilikuwa limekaa miaka miwili kwenye rafu ya madumu. Unajua mafuta yanavyofanya karatasi. Inaonesha upande wa pili kama kioo, maandishi ya nyuma yanakuja mbele, na yote hayasomeki. Tulisoma hadi panaposema kadi iliyolazwa haisimami. Baada ya hapo lilikuwa doa.

Ukaamua wewe. "Aliyelaza ndiye asimamishe," ulisema, na mimi nikakubali palepale, wala sikuuliza. Ningeuliza nini? Ndivyo mambo yalivyo kwetu. Kilichowekwa na mkubwa kinaondolewa na mkubwa. Hata kiti cha Baba kilikaa sebuleni miaka mitatu baada ya kuzikwa kwake, hakuna aliyethubutu kukikalia wala kukihamisha, tukawa tunakizunguka kwenda jikoni, mpaka Mjomba Kitundu alipokuja kutoka Mwankoko akakisogeza kwa mkono mmoja. Kwa hiyo sheria yako niliiona ni sheria ya Mungu.

Na kwa sheria hiyo bluu yako haikushikika tena. Ulitoa ukungu karibu wote, ukatoa ndege, ukabakiza yule mdogo mmoja. Zilizobaki zote barafu. Zamu ya tano kila kitu changu kimelala, hakuna kitakachosimama mpaka upende wewe, na hujawahi kupenda. Ndege wako ananidonoa punje moja, punje moja, na mimi nimekaa na kadi saba mkononi nisizo na la kuzifanyia. Kinyozi aliacha kuja kucheza. Yule mwalimu wa hesabu aliyekuwa anacheza nasi aliacha kuja, akasema huo si mchezo, ni mahabusu. Nilibaki mimi. Ulidhani nabaki kwa sababu napenda mchezo. Nilibaki kwa sababu ulikuwa kaka yangu, na Shelui hakukuwa na kwingine kwa kwenda.

Halafu ile Alhamisi.

Kaka, hili mwaka mzima sikumwambia mtu. Siku ile ilikuwa zamu yangu kupeleka mafuta kwa wachimbaji wa Sekenke. Nilikuambia tumbo linauma. Tumbo halikuwa linauma. Siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho kujaza fomu ya chuo cha upimaji ardhi, na nilikuwa nimepanga kwenda stesheneri kuijaza kwa siri, kwa sababu mlikuwa mmeshasema nyumbani kwamba mmoja akisoma inatosha, na huyo mmoja angekuwa mdogo wetu wa mwisho. Wewe ulifunga madumu kwenye pikipiki. Ulisema, "Lala, nitapeleka mimi." Na ukaniletea maji ya tangawizi kabla ya kuondoka. Hayo maji. Niliyamwaga nyuma ya choo ulipokata kona.

Breki, walisema. Mteremko, walisema. Mimi nilikuwa stesheneri naandika jina langu kwa herufi kubwa.

Siku ya kuanua matanga Mjomba aligawa vitu vyako. Koti lilikwenda kwa binamu, redio kwa Bahati. Kisha akaniita mbele za watu, akaniwekea mkononi funguo za mashine na lile kopo la kadi. "Nafasi ya mtu haikai tupu," alisema. "Sifa atashika mashine mpaka ukoo utakapokaa tena." Watu wakaitikia amina. Barua ya kukubaliwa chuo ilikuja mwezi uliofuata, nikaiweka chini ya godoro. Funguo nilikuwa nimezipokea kwa mikono miwili, nikaona zinanistahili.

Ukoo haujakaa. Utakaa lini, nusu wako Dar, nusu Mwanza, na Mjomba kila nikimgusia anasema mguu unamsumbua? Chuo kiliniruhusu niahirishe mara moja. Mara ya pili hakuna. Muhula unafunguliwa Jumatatu ijayo, na nisipofika nafasi yangu anapewa mwingine.

Mwaka wote huu nimekuwa nikicheza peke yangu pale mbele ya banda, bluu mkono wa kulia, nyekundu mkono wa kushoto. Nyekundu sikuipa nafasi hata siku moja. Tena niliikamilisha bluu yako. Nilimtoa yule ndege wa mwisho, nikaweka barafu nyingine badala yake. Kwenye bluu yangu mimi hapakuwa na wa kupiga. Upande mmoja umelala wote, wa pili hauna pigo, hakuna anayeshindwa wala anayeshinda, mchezo hauishi mpaka mteja aje aniite. Naogopa nikikumbuka jinsi nilivyokuwa naipenda.

Mwezi uliopita basi liliharibika hapa mbele. Abiria walikaa vivulini, na mama mmoja wa Kahama, nesi, mnene, mcheshi, akaja kununua mafuta akaziona kadi. Akasema wanawe wanacheza mchezo huohuo, wamemfundisha wasipokuwa na wa kucheza naye. Nikampa nyekundu. Nikamlazia simba wake. Zamu yake ilipofika alitupa kadi moja kutoka mkononi, akamsimamisha simba, akanipiga punje tano.

Nikamwambia, "Mama, samahani, kwetu hairuhusiwi." Kwa adabu, lakini nadhani sura yangu ilisema mwizi. Alicheka akatoa simu, akanionesha sheria nzima, ikiwa na ule mstari wetu uliomezwa na mafuta. Mwanzo wa zamu yako, tupa kadi moja, simamisha moja iliyolazwa. Wewe mwenyewe. Humuombi aliyeilaza.

Niliusoma mara tatu. Nilikasirika na wewe, Kaka, kwa mara ya kwanza tangu ufe, na ilikuwa hasira tamu, nilikuwa nimeikosa. Miaka sita umenikalisha na kadi saba mkononi, na kila moja ilikuwa inatosha kuniinua. Kisha nikakukumbuka ulivyokuwa unajinyoosha kitini kama diwani kila ukishinda, nikacheka mpaka yule mama akaniuliza kama mimi ni mzima. Ushindi wako wote ulikuwa umesimama juu ya doa la mafuta.

Basi nimeibomoa. Barafu nimebakiza sita, ukungu nane, na ndege nimewarudisha wote, hata yule mdogo. Kinyozi ameanza kuja tena. Jana alinishinda kwa punje mbili, na amesema bluu sasa inachezeka. Anakusalimu, bado anakuita Kifaranga.

Usije ukadhani nimefunuliwa maisha na kadi. Kadi ni kadi. Baada ya yule mama kuondoka nilikaa na funguo shingoni wiki mbili nyingine, kwa sababu kilichonikalisha si Mjomba peke yake. Ni yale maji ya tangawizi.

Jumamosi nilimwambia Mama. Tulikuwa tunapepeta alizeti uani, upepo mzuri, ungo wake unakwenda. Nilimwambia yote, tumbo, fomu, stesheneri, barua iliyo chini ya godoro. Niliyasema haraka, nikiangalia ungo. Hakusimama. Alipepeta ungo ule ukaisha, akauchota mwingine, akapepeta na huo. Nilijua atasema nimemuua mwanawe, na nilikuwa tayari, nadhani nilikuwa namsubiri aseme.

Akasema, "Ungekufa wewe, Msengi asingekaa hapa hata mwezi."

Kisha akaweka ungo chini. "Angekulilia sana. Halafu angepanda lori."

Na ni kweli, Kaka. Ni kweli kabisa, na wewe unajua. Ungenililia kuliko nilivyokulilia, halafu ungeondoka na dereva wa kwanza, na sisi tungesema ndivyo wanaume walivyo.

Akanyoosha mkono, anataka funguo. Nikamuuliza, na Mjomba je? Akasema, "Kitundu nilimbeba mgongoni. Ataniambia nini?" Nikazivua. Zilinasa kwenye nywele, akanisaidia kuzitoa, na hapo ndipo alipolia, mbele yangu, mara ya kwanza tangu tukuzike. Alilia akiwa ameshika kichwa changu kama ananisuka. Sijui alikuwa anakulilia wewe au mimi.

Mashine ataishika yeye na Bahati. Magoti yake unayajua. Kile kiti ni kifupi kwake, na kunyanyuka anashika ukuta. Mdogo wetu yuko shuleni bweni hadi mwezi wa sita. Nisikudanganye kwamba naondoka na moyo mweupe. Nitakuwa kwenye basi namuona ananyanyuka peke yake.

Lakini naondoka. Jumapili, baada ya ibada. Begi nimeazima kwa mke wa kinyozi.

Nisamehe ile Alhamisi. Nimeisema sasa, kwako na kwa Mama, na sina mwingine wa kumwambia. Nawe nimekusamehe kwa sheria yako. Kaburi lako nimelipalilia leo asubuhi, nikapanga mawe upande ule yanapozolewa na mvua, na nimewaomba vijana wa kwaya walitazame, ingawa nawajua, watasahau.

Pumzika, Kaka yangu. Ninachokuahidi ni kimoja, na nimekifikiria siku nne kabla ya kukiandika. Sitarudi Shelui kwa ajili yako. Nikirudi, nitakuwa nimetaka mwenyewe.

Mdogo wako,
Sifa